Watoto wa Spitak na Gyumri: Majonzi Yanayobaki Baada ya Tetemeko

Tarehe 7 Desemba 1988, saa 5 na dakika 41 asubuhi, ardhi ilitetemeka kaskazini mwa Armenia kwa nguvu ya 6.8. Ilikuwa siku ya masomo, na watoto wengi walikuwa madarasani. Majengo mengi, shule zikiwamo, yaliporomoka. Mji wa Spitak uliangamia karibu wote. Gyumri, ulioitwa Leninakan wakati huo, uliharibiwa vibaya. Watu wapatao 25,000 walifariki.

Baada ya maafa ya namna hii sisi watu wazima huhesabu maiti na nyumba. Mtoto aliyetolewa mzima katika kifusi tunamhesabu kuwa amepona. Historia ya Armenia yatuonyesha kwamba sivyo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, madaktari wa magonjwa ya akili, wakiwamo Robert Pynoos na Armen Goenjian, waliwachunguza wanafunzi wa Spitak, Gyumri na mji mkuu Yerevan. Waliona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa karibu na kitovu cha tetemeko, ndivyo alivyosumbuliwa zaidi na hofu. Mtoto ambaye usiku hukatizwa usingizi na ndoto za kutisha, na mchana mawazo yake hurudi kwenye kifusi, hawezi kufuata somo hata kama yupo darasani. Mwalimu asiyelijua jambo hili humwita mvivu.

Je, muda peke yake hauponyi? Katika baadhi ya shule za Gyumri, wanafunzi walisaidiwa kwa wiki chache kuzungumza juu ya yale yaliyowapata na juu ya wapendwa wao waliokufa, wakiwa darasani pamoja na pia mmoja mmoja. Katika shule nyingine msaada huo haukufika. Miaka mitatu baada ya tetemeko, hofu ya waliosaidiwa ilikuwa imepungua. Wale wasiosaidiwa hofu yao ilikuwa imezidi, na huzuni yao pia.

Jambo hili latuhusu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la nguvu ya 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu walifariki, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu ya uharibifu. Kuta hujengwa upya, nasi twashukuru. Lakini ibada ya maziko humalizika kwa siku moja, na mtoto huendelea kuomboleza tukiwa tumekwisha kuondoka.

Mchungaji anayefundisha kipaimara hukutana na watoto hao wiki kwa wiki. Hana budi kuwauliza, kuwasikiliza na kuwataja marehemu kwa majina yao. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku saba kabla ya kuanza kuhubiri; kosa lao lilianza na hotuba. Basi, tusiwaharakishe watoto kwa maelezo juu ya mapenzi ya Mungu. Kwanza tuketi nao, na mwaka wa pili turudi tena.