Komeo la bibi na kitasa cha betri

Wadau, nimerudi kutoka Sumbawanga na deni la usingizi. Kaka kaweka mlango wa mbele kitasa cha kubonyeza namba, hakina ufunguo. Pii pii pii pii, mota inasaga, kisha chuma, kah! Shemeji akirudi zamu saa tisa usiku, nyumba nzima tunaamka.

Bibi tu ndiye hakulalamika. Kwake kijijini lilikuwepo komeo la mti, nalo lililia kila likivutwa.

Si kwamba Ufipa ilikosa chuma. Mafundi wa huku waliyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa hadi mita 3 hivi, kisha wakakisafisha kwenye tanuri ndogo, kintengwe. Wakafua majembe, mashoka, mikuki. Majembe ya madukani yakaja kuiua kazi hiyo enzi za ukoloni. Kufuli nalo lina jina la Kiarabu. Komeo ni letu, latokana na kukomea.

Na mji wenyewe? Sumbawanga maana yake tupa uchawi. Mgeni aliambiwa autupe kabla hajaingia. Mimi nahesabu hicho ndicho kitasa cha kwanza kisicho na ufunguo!

Jumapili kaka akazima zile pii. Mota hazimiki, ndiyo inayosukuma chuma, lakini angalau tulilala.

Asubuhi bibi akaniita pembeni. "Mjukuu wangu, mwambie kaka yako azirudishe." Macho yake hayaoni tena vizuri, na mchana kutwa hubaki peke yake.