Leseni ya Programu Huria na Rizki ya Wafanyabiashara

Mwaka 1976 Bill Gates, aliyekuwa bado kijana, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani, akiwalaumu kwa kunakili programu ya kampuni yake, Microsoft, bila ya kulipa thamani yake. Richard Stallman, aliyekuwa katika maabara ya MIT, akashika njia nyingine: mwaka 1983 alitangaza GNU, mradi wa programu huria, na mwaka 1989 akatoa leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili na hata kuiuza, kwa sharti kwamba atakayeigawa awape wapokeaji haki zile zile alizopewa yeye.

Sharti hilo ndilo lililozusha hofu, hata mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, akaifananisha Linux, mfumo wa kompyuta unaotolewa kwa leseni hiyo, na maradhi ya saratani. Nami naona hofu hiyo ilipita kiasi, kwani leseni haikupata kuiharamisha faida; ilichoharamisha ni kumnyima mnunuzi maarifa ya kitu alichokinunua. Red Hat, kampuni ya Linux iliyoasisiwa mwaka 1993, ilichuma kwa kuuza huduma na dhamana ya matengenezo, wala si kwa kuuza siri, hata IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34.

Walakini si wote waliosalimika: mwaka 2018 MongoDB, kampuni ya programu ya hifadhidata, iliibadili leseni yake, ikilalamika kuwa makampuni makubwa ya intaneti yanaichumia jasho lake bila ya kurudisha kitu, na lalamiko hilo lina haki. Mwaka huo huo Microsoft, ile ile iliyoingiwa na hofu, ikainunua GitHub, ghala kuu la programu huria, kwa dola bilioni 7.5.