Kabila Katika Karatasi ya Sensa

Wakoloni walipohesabu watu wa Tanganyika mwaka 1948 na 1957, Waafrika walihesabiwa mbali na Wazungu, Wahindi na Waarabu, kisha wakagawanywa kwa makabila. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, nayo iliuliza kabila. Swali hilo sisi twaliona la udadisi, tena halijibiki.

Tumchukue mtoto wa Kwamsisi, wilayani Handeni, ambaye baba yake ni Mzigua na mama yake Msambaa. Kwa mila, Wazigua humhesabu mtoto kwa ukoo wa mama. Wasambaa, kwa ukoo wa baba. Basi kila upande wampa mwenzake mtoto! Na wazee husimulia kwamba wote ni wana wa Seuta. Karani angeandika nini?

Yasemwa kuwa karani hula kiapo cha kutunza siri. Ni kweli, lakini kiapo hulinda jibu tu, hakihalalishi swali. Kupanga madarasa na zahanati kwataka umri na idadi, si nasaba.

Tangu sensa ya 1978 kabila haliulizwi. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai dini iulizwe, Serikali ilikataa.