Koko alizaliwa mwaka gani?

Karte ya uchaguzi ya Koko inasema alizaliwa tarehe 01/01/1940. Ndugu wasomi, hiyo tarehe mnaijua. Ukiamini makaratasi, nusu ya wazee wa Kabare na Walungu walizaliwa siku moja, tena siku ya Bonane. Ukweli ni kwamba mtu wa ofisi alimuangalia Koko usoni, akakadiria, akaandika.

Hatukujali mpaka siku za matanga, mu parseli yetu ya Kadutu. Fundi wa msalaba alikuwa anasubiri miaka miwili: wa kuzaliwa na wa kufa. Wa kufa, 2025, tulikuwa nao. Kwa ule mwingine mabishano yakaanza. Mjomba alitaka 1930, ili marehemu afikishe miaka 95. Alisema ni heshima ya jamaa. Mama alikataa kudanganya juu ya kaburi. Kisha wote wakanigeukia: "Wewe mwenye lisansi, tutafutie." Nimesoma kilimo, si historia. Lakini nilichukua kaye, nikakaa pembeni.

Koko hakuhesabu kwa miaka. Alihesabu kwa njaa, kwa pesa, na kwa chakula kilichokuwa sokoni. Nikaanza na njaa. Mara nyingi alisimulia jinsi watu walivuka Ruzizi kutoka Rwanda, wamekonda, wanaomba hata maganda ya viazi. Kila akisimulia, kulikuwa mtoto mgongoni, nami nilielewa kwamba yeye ndiye alikuwa anambeba mdogo wake. Ile ni njaa ya 1943 na 1944, Wanyarwanda wanaiita Ruzagayura. Mtoto wa kubeba mwenzake hapungui miaka sita ama saba. Basi 1936. Karte imeanguka, na 1930 ya mjomba inayumba.

Alikumbuka pia baba yake akirudi jioni, mikono imegeuka rangi kwa maganda ya kinkina. Wajapani waliteka Java mwaka 1942, na huko ndiko kulitoka sehemu kubwa ya kinini ya dunia. Ndipo wakoloni wakakazania kinkina mu milima ya Kivu. Hesabu yangu ilikuwa inashikana. Kuhusu ndoa, tulisikia tu kwamba aliolewa wakati mji unaacha jina la Costermansville, kama 1953 ama 1954. Hapo angekuwa na miaka 17. Sawa kabisa kwa wakati ule.

Aliposhuka mjini, alisema, ziwani hakukuwa sambaza. Nilidhani ni uzee. Kumbe wale samaki waliletwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959, wakamwagwa mu ziwa Kivu, na uvuvi wao ukapata nguvu miaka mingi nyuma yake. Sisi tunadhani sambaza ni wa mababu. Koko alikuwa mkubwa kupita sambaza.

Kutoka Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme walishika Bukavu, jeshi la taifa likipigana kuwatoa. Koko alipanda milima na watoto wanne na mimba. Mama yangu alizaliwa huko, na hata yeye hana tarehe ya kweli. Waliporudi nyumba ilikuwa tupu. Hata mlango ulienda.

Lakini jambo alilolirudilia kupita vita zote ni Noeli ya 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kiasi chenyewe kilikuwa na mpaka. Koko alikuwa anauza maharagi ku soko ya Kadutu. Akiba yake yote, ya kununua ng'ombe, ilikuwa noti hizo ndani ya chungu. Alipanga mulolongo siku mbili, mtoto mgongoni. Alirudi na noti zake. "Ile Noeli balikula ng'ombe yangu," alikuwa anasema, akicheka kidogo.

Tangu pale hakuweka tena akiba mu karatasi. Chungu kilijaa mbegu ya maharagi: nyekundu, nyeupe, nyeusi, ya madoadoa, zote pamoja. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilimfundisha (aibu yangu) kwamba mbegu nzuri ni ya aina moja, safi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: mvua ikizidi, ile aina yako moja ikioza, mutakula nini? Baadaye nilisoma kwamba mwisho wa miaka ya 1980 watafiti wa maharagi huko Rwanda waliwaita wanawake wakulima waje kuchagua aina kwenye kituo, na walizochagua zikazaa vizuri kupita zile za wataalamu. Nikakimbia kumwambia. "Balichelewa kuuliza," akajibu.

Na mimi nilichelewa. Mu kaye yangu mstari wa jina la mama yake uko mtupu. Hakuna hata mmoja kwetu anayelijua.

Kwa msalaba tuliandika 1936. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, jamaa wa Kinshasa wakaangalia mazishi kwa simu. Wiki moja nyuma, mdogo wa Koko alifika kutoka Walungu, mzee wa fimbo, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Nikamsomea hesabu yangu yote, na majivuno kidogo. Akatikisa kichwa. Alisema mwaka wa ile njaa yeye alikuwa hajazaliwa. Aliyekuwa mgongoni ni Koko mwenyewe, na aliyembeba ni dada yao mkubwa, aliyekufa zamani. Na ndoa? Ndoa ilikuja karibu na uhuru, mji ulishazoea kuitwa Bukavu.

Ikiwa ni hivyo, yule mtu wa ofisi alikadiria vizuri kupita mimi. Mjomba anasema tuache, msalaba umeshapakwa rangi. Chungu kiko kwa mama. Septemba tulipanda nusu.