Mahakama na Imani ya Umma

Wako wanaodai kwamba wananchi hawana imani na mahakama kwa sababu hawaijui sheria. Historia ya Tanganyika haikubaliani nao. Wananchi walizijua mahakama vizuri mno.

Kwa sheria ya 1929, mkoloni Mwingereza alizitoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu akazikabidhi kwa maofisa wa utawala. Chifu aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ndiye aliyemhukumu mkulima aliyeshindwa kuilipa. Rufani ilikwenda kwa bwana shauri, msimamizi wa chifu huyo huyo. Mkulima alihitaji elimu gani zaidi ili asiwe na imani?

Mfumo huo tuliuvunja mwaka 1963. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliweka mahakama zote katika mfumo mmoja, na Mahakama za Mwanzo zikaendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akikaa na wazee wa baraza. Hilo lilikuwa pigo la kweli kwa ubaguzi wa kikoloni. Lakini kazi iliachwa nusu. Mshtakiwa aliielewa kesi yake mpaka ilipopanda ngazi. Huko juu hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Tulimwambia mahakama ni yake, kisha tukamwachia mtu mwingine amweleze kwa nini amefungwa.

Sheria ilirekebishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote, na Kiingereza kikabakizwa pale tu haki inapokihitaji. Ilikuwa imepita miaka 58.