Nguo ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kila niifikiriapo historia ya kuongezewa damu, naikumbuka methali hii. Damu ya mwenzako yaweza kukuokoa, lakini mwili wako hausahau kuwa ni ya mwenzako.

Mwaka 1667, mjini Paris, tabibu Jean-Baptiste Denis alimtia mvulana wa miaka 15 damu ya mwanakondoo. Mvulana alipona. Mgonjwa mwingine, aliyetiwa damu ya ndama, alifariki. Shauri likafika mahakamani, na hatimaye utabibu huo ukapigwa marufuku Ufaransa. Ilipita karne moja na nusu hivi kabla ya daktari James Blundell wa London kuanza, mwaka 1818, kuwatia wagonjwa damu ya binadamu wenzao. Baadhi walipona, wengine wakafa, na hakuna aliyejua kwa nini. Ni Karl Landsteiner wa Vienna aliyefumbua fumbo hilo mwaka 1901: damu za watu zina makundi, na yasiyopatana hayachanganyiki salama.

Wengi wetu hudhani hadithi iliishia hapo. Lakini mbali na A, B na O, chembe nyekundu zina alama nyingine zaidi ya 300. Mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara, mwili wake huweza kuzitambua alama ngeni na kutengeneza kingamwili za kupambana nazo. Hapo kila chupa inayofuata huwa ngumu kupatikana kuliko iliyotangulia.

Ndipo watafiti wakauliza: je, mtu hawezi kuoteshewa damu yake mwenyewe? Mwaka 2011, katika mji uleule wa Paris, kundi la Luc Douay lilionyesha kuwa yawezekana. Lilichukua seli shina kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyejitolea, likazikuza maabara hadi zikawa chembe changa nyekundu, kisha likamrudishia mwenyewe. Baada ya siku 26, kati ya asilimia 41 na 63 ya chembe hizo zilikuwa bado zinazunguka mwilini. Zilikuwa bilioni 10 hivi. Idadi hiyo ni kubwa masikioni, lakini chupa moja ya damu ina chembe karibu trilioni 2. Kazi yote hiyo ingebidi irudiwe mara 200 ili kuijaza.

Kwa mgonjwa wa selimundu kuna kikwazo kingine. Ukimwoteshea damu yake kama ilivyo, umemwoteshea na ugonjwa wake, maana kasoro imo ndani ya jeni zake. Kwa hiyo ilibidi seli shina zake zitolewe na kufanyiwa marekebisho yanayoiamsha himoglobini ya uchangani iliyolala, uboho wa zamani uangamizwe kwa dawa kali, kisha seli hizo zirudishwe ziwe chemchemi mpya ya damu. Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa hivyo mwaka 2019, na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliiidhinisha tiba hiyo. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hapo ndipo furaha yangu hupungua. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Ni mzazi gani wa Mwanza au Tabora atakayezipata fedha hizo? Nguo ya mtu mwenyewe imekwisha kushonwa, ila imetundikwa juu mno. Mpaka itakaposhushwa, mtoto huyo atasitirika kwa ya kuazima, yaani kwa damu ya jirani aliyekubali kukunja mkono wa shati. Nayo, hata jokofuni, haikai zaidi ya wiki tano au sita. Lazima mwingine aje.