Jineri, Injini na Akili: Swali Lililozimwa Bariadi

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wakulima wa pamba mjini Bariadi. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema: "Naomba kuuliza kuhusu mbegu zetu zinazobaki pale jineri." Kabla hajaendelea, kijana mmoja wa meza kuu alimkatiza: "Inatamkwa ginnery, mzee." Ukumbi ukacheka. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, nilicheka. Mzee akaketi, na swali lake halikurudi tena. Makala haya ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

Tuanze na neno lenyewe. Walatini walikuwa na neno 'ingenium', yaani akili au kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho. Wafaransa wa kale wakalifanya 'engin', likabeba maana ya werevu, kisha hila, kisha chombo kilichobuniwa kwa werevu. Waingereza wakalipokea kutoka kwao. Kwa kuwa Wafaransa huweka mkazo mwishoni mwa neno, silabi ya kwanza ilikuwa dhaifu, na baadhi ya Waingereza wakaidondosha kabisa. Likabaki 'gin': mtego, kisha mashine. Wengine walilihifadhi neno zima, wakahamishia mkazo mwanzoni, likawa 'engine'. Kwa hiyo 'gin' na 'engine' ni neno moja lililotamkwa kwa namna mbili. Ndugu zao ni 'engineer', ambalo mkazo wake uko mwishoni, na 'ingenious', yaani mwenye ubunifu. Ila 'gin' ya kinywaji si ya ukoo huu. Hiyo imetokana na jina la mreteni, mti ambao matunda yake hukipa kinywaji hicho ladha.

Mashine ya pamba ya Eli Whitney, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1794, iliitwa 'gin' kwa mantiki hiyo hiyo, na jengo lenye mashine za namna hiyo likaitwa 'ginnery'. Pamba ya biashara ilipoenea Usukumani wakati wa ukoloni, jina lilikuja pamoja na vinu. Kiswahili kikaufanya ukoo huo kile ambacho kila lugha hai hufanya: kikaupa irabu mwishoni na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tukapata jineri, injini na injinia. Mzee wa Bariadi alilifanyia neno la Kiingereza kile ambacho Mwingereza alilifanyia neno la Kifaransa. Kama kutamka upya ni ujinga, basi Kiingereza chenyewe ni lundo la ujinga.

Lakini lipo jambo kubwa zaidi. Kwa Kiswahili, kazi ya jineri ni kuchambua: kutenga nyuzi na mbegu. Kitenzi hicho kilikuwa cha mikono, cha mtu aliyeketi na pamba au mboga akitoa kisichotakiwa. Leo kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia vyuoni na magazetini: tunachambua bajeti, tunachambua riwaya, tunaandika uchambuzi wa kisiasa. Waingereza walichukua neno la akili wakaipa mashine. Sisi tulichukua neno la mikono tukaipa akili. Msomi anayemcheka mkulima wa pamba hulipwa mshahara kwa kazi yenye jina lililotoka kwa watu kama huyo mkulima.

Na historia inatuonya kwamba maswali ya wakulima hawa si ya kupuuzwa. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakuwa wakitamka Kiingereza cha London, lakini waliitilia shaka mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa VFCU chini ya Paul Bomani, na kabla ya uhuru ulikuwa umekwisha kuanza kumiliki vinu vyake wenyewe. Ushirika huo haukujengwa na matamshi. Ulijengwa na watu walioruhusiana kuuliza.

Sasa turudi kwenye swali lililozimwa. Katika kila kilo tatu za pamba mbegu, takriban moja tu ndiyo nyuzi. Karibu zote zinazobaki ni mbegu. Mbegu hizo hukamuliwa mafuta ya kula, na mashudu yake hulisha mifugo. Je, thamani hiyo imo katika bei anayolipwa mkulima? Imekokotolewaje, na nani aliikokotoa? Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na kuzijumuisha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, umo katika mstari wa mbele wa kilimo cha pamba nchini. Sioni swali la kiuchumi linalostahili zaidi kuulizwa katika ukumbi ule. Huo ndio ulikuwa uchambuzi. Sisi wa meza kuu tulikuwa tunasahihisha silabi.

Wanafunzi wangu, jifunzeni Kiingereza vizuri, pamoja na mikazo yake yote. Nanyi watumishi wa umma, mkulima akisimama tena na kusema jineri, chukueni kalamu muandike anachouliza.